Jezi Kumi na Mbili za Kensington

"Ningeachiwa nipange mimi, wote kumi na wawili wangevaa namba kumi na moja," Célestine alisema, pini nne zikiwa zimebanwa katikati ya midomo. "Vibanzi viwili vilivyonyooka, kazi imekwisha. Lakini nane? Nani alihitaji nane?"

Kocha Lambert hakucheka. Alisimama mlangoni mwa duka, Jumamosi ya Rockey Street ikipita nyuma yake na mihogo yake, redio zake na wasusi wanaovuta wateja kwa mikono, naye ameishika karatasi ya majina ya wachezaji kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali.

"Maman Célestine, ni saa mbili. Saa tisa tunacheza. Nipe jina moja nilifute, weka mkasi chini, twende tukashinde."

"Jina gani?"

"Unalijua."

"Ninalijua. Nataka lipite kwenye mdomo wako kwanza, nione kama litakuchoma."

Lambert alitazama dari. "Ezéchiel."

"Umeona? Limekuchoma."

Ligi yao ya mpira wa kikapu, timu nane kutoka Yeoville mpaka Malvern, haikuwa na mchezaji hata mmoja wa mamilioni, lakini ilikuwa na sheria ya mamilionea. Katibu wake, Bakiri, Mtanzania mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amesoma namna timu tajiri za Marekani zinavyotozwa zikizidisha mishahara, akaona ni aibu ligi yake ikose kitu kizuri namna hiyo. Akatunga ya kwake: kila timu iwe na wachezaji wawili wa posho, basi. Anayetaka wa tatu atalipa kodi ya anasa. Na kwa kuwa fedha za ligi zilikuwa na tabia ya kupotea njiani, kodi yenyewe ililipwa kwa nguo. Ulitakiwa kuivalisha timu ya mkiani, jezi kumi na mbili, namba mbele na nyuma, kabla ya filimbi ya kwanza.

Miaka minne hakuna aliyewahi kuilipa. Watu walimfuta mchezaji wa tatu, wakaenda kula.

Radi ya Yeoville ilikuwa timu ya Célestine. Aliianzisha miaka minane iliyopita kwa wateja watano wa ajabu: wenzao walileta suruali zipunguzwe, wao walileta ziongezwe. Akawatazama, akaona ni dhambi urefu wote ule kupotea kwenye milango ya benki na maghala wanakolinda. Tangu siku hiyo Radi ilikuwa imeshindwa kwa kila namna ambayo timu inaweza kushindwa, na haikuwahi kuonja fainali. Mwaka huu ilikuwa imebakiza mchezo mmoja. Ikishinda leo, fainali. Ikishindwa, nyumbani.

Juzi Alhamisi ndipo alipojitokeza Gradi, mita mbili na kidogo, kutoka Durban, akitaka posho. Lakini Sagesse anayo. Ezéchiel anayo. Watatu.

"Gradi tunamhitaji chini ya kikapu," Lambert alisema. "Sagesse ndiye anayeupeleka mpira. Ezéchiel ana miaka thelathini na minane, Maman. Magoti yake yanasikika kabla yeye hajaonekana."

"Ndiyo maana ninalipa kodi."

"Kwa kitambaa chetu. Hii buluu ulinunua iwe jezi yetu mpya."

"Ya zamani bado ipo."

"Ya zamani ilikuwa njano. Sasa sijui ni rangi gani." Lambert akaingia ndani, akashusha sauti, ingawa ndani alikuwamo Lerato peke yake, msusi aliyegawana duka na Célestine, aliyezaliwa Morogoro wakati wazazi wake wako ukimbizini na ambaye hakuna Kiswahili cha kunong'ona kilichowahi kumpita. "Na timu ya mkiani ni nani? Kensington. Na leo tunacheza na nani? Na Kensington. Tunamvalisha mtu tunayekwenda kupigana naye."

"Hao ambao watatu wao wanavaa namba saba?" Lerato aliuliza toka kwenye kioo chake. "Wale fulana zao zinafanana na kamba ya kuanikia nguo? Lambert, hao hata ukiwavalisha suti."

Lambert aliinama mezani, akaweka kidole kwenye kipande cha kitambaa ambacho Célestine alikuwa akikichora, pale mkono unapotokea.

"Basi kama ni lazima, banisha hapa. Sentimita mbili tu. Mtu akiinua mkono kurusha, kwapa limkamate. Bakiri hatajua. Hata wao hawatajua, watadhani ni jezi mpya tu inayogoma."

Célestine alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake. Ilikuwa rahisi mno. Miaka ishirini na sita mezani ilikuwa imemfundisha kuwa nguo inaweza kumfanyia mtu lolote: kumnyoosha mgongo, kumkumbusha kitambi, kumnyima pumzi kanisani. Alichukua chaki. Akauchora mstari wa pili, ndani ya ule wa kwanza, sentimita mbili. Akautazama.

"Nenda kawaamshe vijana," alisema. "Karatasi niachie."

Lambert alitoka akiwa na furaha ya mtu aliyeona mstari.

Ezéchiel aliingia saa tatu akiwa bado na sare ya ulinzi, ametoka zamu, macho mekundu. Alipiga kichwa kwenye mlango kama kawaida yake, akaomba msamaha kwa mlango.

"Maman, nimesikia. Nifute miye. Bila maneno. Haya magoti yameshaniandikia barua ya kuacha kazi, miye tu ndiye sijasaini."

"Umekula?"

"Nimekuja kuongea, si kula."

"Basi kaa, upitishe uzi kwenye sindano. Macho yangu leo hayataki."

Alikaa. Mikono yake, mipana kama sahani, ilipitisha uzi kwa mara ya kwanza tu, bila kulamba. Lerato alikuwa ameacha nywele za mteja wake nusu, mteja mwenyewe akishangilia, na kwa mkasi wa kusukia alikuwa akikata namba kutoka kwenye shuka jeupe. Nne mpaka kumi na tano, mbele na nyuma: tarakimu thelathini na sita. Saa nne kasoro, jezi saba zilikuwa zimekamilika, cherehani ya umeme ikinguruma, na Célestine akaanza kupiga mluzi.

Umeme ukakatika.

Taa, redio, mashine ya nywele, vyote kwa pamoja. Mtaa mzima ulisema "eish" kwa sauti moja, kama kwaya.

"Ni mgao wa kawaida au wameharibu?" Célestine aliuliza.

Lerato alichungulia nje. "Wanasema waya imeibwa kona ile. Mpaka jioni."

Kisha wote watatu, bila kupanga, wakatazama juu ya kabati.

Cherehani ya mkono ilikuwa pale, chini ya kitambaa cha maua. Mwaka ule maduka ya wageni yalipovunjwa kule Malvern, likiwamo la Célestine, Ezéchiel aliibeba begani kutoka Jules Street mpaka Yeoville, kwa miguu, akiwa na sare yake hii hii. Waporaji walimwona mlinzi anakimbia na mali, wakadhani naye anaiba, wakampisha. Mmoja hata alimpongeza. Célestine alikuwa nyuma yake na mkoba wa nyuzi, hajui kama alie au acheke, na mpaka leo hajaamua.

Ezéchiel aliishusha kama anavyoshusha mpira kutoka kwenye ubao.

"Zungusha," Célestine akamwambia. "Taratibu. Nikisema kona, simama."

Yeye akashika kitambaa kwa mikono miwili, mlinzi akashika mpini. Mwanzoni walikuwa kama watu wanaoendesha gari moja lenye sukani mbili. Kona. Samahani. Simama, nimesema simama. Kisha gurudumu likapata mwendo wake, sindano ikaanza kutembea, na Ezéchiel akaanza kuziona kona kabla hazijatajwa. Namba nne ikaisha. Namba kumi na mbili ikaisha. Lerato akawa anahesabu kwa Kizulu kwa sababu, alisema, kwa Kizulu namba zinachukua muda mrefu zaidi na hivyo saa inasubiri.

Ya mwisho ilikuwa namba kumi na moja, ile ile yenye mistari miwili ya chaki. Ilikuwa imebaki chini kabisa ya lundo, kama kitu kilichojificha.

"Hii ina mistari miwili," Ezéchiel alisema. "Tunakata upi?"

Célestine alimtazama. Sare ile ya ulinzi aliishona mwenyewe, na alikumbuka kwa nini makwapa yake yalikuwa mapana: mtu huyu alizoea kunyoosha mikono kuwapokea watu vitu.

Akakata mstari wa nje, ule mpana. Kipande chenye mstari wa pili kikaanguka sakafuni katikati ya nywele za mteja.

Saa tisa kasoro dakika kumi, uwanjani, Bakiri alizipokea jezi kama afisa wa forodha. Alizihesabu. Alivuta mishono. Aliigeuza moja ndani nje, akanusa.

"Dada Célestine," alisema, akiweka miwani sawa, "serikali imeridhika. Ezéchiel acheze."

Steve, nahodha wa Kensington, Mkenya fundi wa vigae mwenye saruji kwenye kucha, aliipokea namba kumi na moja kwa mikono miwili.

"Mathe, hii ni yetu kabisa? Haturudishi baada ya game?"

"Hamrudishi."

"Inanukia duka," alisema, akawageukia wenzake. "Wasee, tunanukia duka."

Wakavaa. Radi wakatoka na ile rangi yao isiyo na jina, wakaonekana kama timu iliyofuliwa na kusahauliwa mvuani. Watu waliokuwa wamejaa kwenye ngazi za saruji wakapiga makofi, wakidhani wenye buluu ndio wenyeji.

Steve akaenda mezani kwa Bakiri. "Andika wote."

"Wote kina nani?"

"Wote kumi na wawili. Si kila mtu ana namba yake?"

Hapo ndipo Célestine alipoelewa. Msimu mzima mwamuzi alikuwa akiikatalia Kensington kuingiza watu wenye namba zinazofanana. Walicheza sita, ndimi nje, na kufikia robo ya tatu walikuwa wakikimbia kwa kumbukumbu tu. Haikuwa kwamba hawajui mpira. Walikuwa wamekosa tarakimu.

Lambert aligeuka polepole. "Maman."

"Nimeona."

"Huwa tunawashinda kwa kuwachosha. Kila mwaka, tunawachosha."

"Nimeona, Lambert."

"Lakini umebanisha makwapa."

Célestine alikuwa ameshughulika kutafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwamo.

Mchezo ulikuwa moto tangu filimbi. Gradi alifunga mara tatu kabla watu hawajakaa, na Yeoville nzima ikaanza kuimba fainali. Kisha Kensington wakabadilisha watu watano kwa mkupuo, wakaingia watano wengine wapya kabisa, wakiwa na nguvu za wiki kumi za kukaa nje. Sagesse alipora mpira, akaporwa. Lerato alisimama juu ya ngazi akipiga kelele kwa lugha nne, na katika zote alikuwa akimtukana mwamuzi. Robo ya pili, sare. Robo ya tatu, Kensington mbele kwa saba, na mikono yao ya buluu ikipaa, ikipaa, bila kitu cha kuikamata. Lambert aliitazama ile mikono, akamtazama Célestine, akakaa chini bila kiti.

Ezéchiel aliingia robo ya nne. Hakuruka sana. Alisimama tu mahali ambapo mpira ulikuwa unakuja, kama mtu anayelijua geti lake. Akazuia, akampa Sagesse, Sagesse akampa Gradi, Gradi akaupachika. Tena. Tena. Zikabaki sekunde tisa na Radi mbele kwa pointi moja, na hapakuwa tena na mtu aliyekaa, hata Bakiri, ambaye alisahau kuwa yeye ni serikali.

Mpira ukawa kwa Steve. Mbele yake, Ezéchiel.

Steve alidunda mara moja kulia, mara moja kushoto. Magoti ya Ezéchiel yalisikika mpaka kwenye ngazi. Sekunde tatu. Steve akasimama, akainuka, na Ezéchiel naye akainuka, mrefu, mchovu, mkono umenyooka wote, na hapo hewani walikuwa wawili tu, njano iliyopauka na buluu ya asubuhi ile.

Mpira uliziacha ncha za vidole vya Steve, ukapita juu ya mkono wa Ezéchiel au ukaugusa, hakuna aliyejua, ukaanza kupanda.

Watu wote waliufuata kwa macho. Célestine hakuufuata. Alikuwa akiangalia chini ya mkono ulioinuliwa wa namba kumi na moja, pale uzi ulipovutwa mpaka mwisho wake, mshono uliozungushwa na mkono wa yule aliyekuwa hewani mbele yake. Na mshono ulikuwa umeshika.