Kesi ya Mhunzi

Mhunzi alimuua Ndululu kwa nyundo mchana, mbele ya ghala, watu wote wakiona. Na kijiji hakikuwa na mhunzi mwingine.

Kijiji chenyewe kilikuwa ndani ya kompyuta, kwenye chumba changu cha michezo hapa Mutomo. Katika mchezo huo hupigani wewe. Unatawala watu wadogo wa kwenye skrini, na kila mmoja ana jina, kazi, tumbo na hasira yake. Hasira ikimjaa, hakusikii tena. Wateja wangu Kivuva na Mbaluka walikijenga kijiji hicho pamoja tangu mvua iliyopita, kila siku wakitoka kuuza mbuzi sokoni.

Jina la Ndululu halikuwa la hivi hivi. Lilikuwa la mdogo wake Kivuva, aliyekatwa mapanga kwenye vita vya malisho kule Tseikuru. Hakuna aliyeshtakiwa. Kivuva alimpa mtu mmoja wa kijiji jina hilo, akamjengea nyumba, akamtafutia mke. Siku zingine alikuwa anamtazama tu akila.

"Mfunge huyo mhunzi," Kivuva alisema. "Apigwe mbele ya watu. Askari yuko pale, amekaa tu kama gunia."

"Na mikuki itafuliwa na nani, mama yako?" Mbaluka akamjibu. "Majambazi wako njiani."

"Mbaluka, huyo ni ndugu yangu."

"Ni doa la rangi, bwana. Lakini tulia, nitaikata hii kesi vizuri."

Mbaluka alikuwa kwenye kamati ya ukoo wetu. Kesi za damu amezikata nyingi, na huzikata kwa mifugo, ili watu waendelee kukaa pamoja. Akafanya alivyozoea. Alitoa ng'ombe wote wa mhunzi zizini, akawapeleka kwa mjane wa Ndululu. Akaamuru mbuzi achinjwe, watu wote wamle pamoja. Kivuva aliwatazama wakila, hakupinga. Kwetu sisi kesi ilikuwa imekwisha.

Kompyuta haikujua mila hiyo. Ilijua minyororo, fimbo na kitanzi. Iliona ng'ombe wamehama zizi, basi, na muuaji bado anatembea.

Hasira ikapanda kijiji kizima. Mjane alikataa kula, kisha akachukua shoka akampasua kichwa yule askari. Ndugu za askari wakamkatakata mlangoni mwake. Wapishi wakachoma ghala, na mtu aliyekimbia na maji kuuzima moto akachomwa mkuki mgongoni. Mbaluka alibofya huku na kule akiwatuma kazini. Hakuna aliyemtii. Majambazi walikuta lango wazi na watu wanauana wenyewe. Wakamalizia waliobaki, mhunzi akiwa wa mwisho, kwenye karakana yake, bado anafua.

"Umemuuza," Kivuva alisema.

"Si ulikuwa hapa? Mbuzi wa kesi ameliwa ukitazama," Mbaluka akasema, akicheka. "Sasa unalia nini? Hata yule wa kweli hukumlilia hivi."

Kivuva aliinua stuli ya chuma akampiga nayo usoni. Mbaluka alipoanguka akampiga tena, palepale. Nilimkaba Kivuva shingo, akanitupa juu ya meza, kisha akaukanyaga mkono wa Mbaluka kwa kisigino mpaka nikasikia mifupa. Wenye maduka ya jirani ndio waliomtoa.

Wazee wa ukoo walikwenda hospitalini na maneno ya fahali na mbuzi. Mbaluka alikuwa amefungwa bendeji mpaka kidevuni.

"Mifugo pelekeni nyumbani," alisema. "Mimi nataka afungwe."

Akafungwa.

Mbaluka amepoteza jicho la kushoto na meno matatu, na vidole viwili havikunjiki. Kivuva ana miaka minne jela. Kamati ya ukoo imevunjika, maana hakuna anayetaka kukatiwa kesi na watu walioshindwa na yao. Mwongeli, mke wa Kivuva, ameuza mbuzi wote, na watoto wawili wako kwa bibi yao Mukuyuni.