Taipureta Katika Nyumba ya Eda

Mume wangu Kitwana alipofariki, ofisi ilinipa siku saba za msiba. Eda ni miezi minne na siku kumi. Hesabu hiyo ilininyima usingizi kuliko hata kilio, na sioni haya kusema hivyo, maana bila kazi ile mimi na mama mkwe wangu tungekula nini?

Nilikuwa mpiga taipu pekee wa chama cha ushirika wa korosho pale Bagamoyo. Siku ya tano nikamwandikia katibu, Bwana Majaliwa, kwamba kutoka nje siwezi, lakini vidole vyangu haviko edani. Aniletee taipureta nyumbani. Akakubali, kwa sharti moja. Kila karatasi itakayoletwa asubuhi irudi saa kumi alasiri ikiwa safi. Siku nitakayoharibu, mashine itarudi ofisini na kiti changu atapewa mwingine.

Mama mkwe, Bi Chausiku, hakuitaka kabisa mashine ile. Alisema inalia kama ngoma, na watu wanaokuja kutupa pole watatufikiriaje? Nikaikalisha juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, nikafunga dirisha, nikawa napiga kwa woga kama mwizi. Kila ikifika saa tisa nilianza kusikiliza kengele ya baiskeli ya Mzee Husseni, tarishi wetu.

Mwezi wa pili ikaja orodha ya wanachama watakaopiga kura kwenye mkutano mkuu, majina mia moja na kumi na mawili. Ili nisikosee, niliyasoma kwa sauti. Bi Chausiku, ambaye hajui kusoma, akaketi mlangoni na tasbihi yake, akijifanya hasikilizi. Nikafika kwenye jina la Kitwana Darwesh. Lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Niliuona ule wino, na bado nikalisoma. Mama akaniomba nilisome tena. Nikalisoma, kisha nikalipiga.

Kesho yake saa nane, badala ya kengele nikasikia hodi ya Bwana Majaliwa mwenyewe. Mimi nilibaki nyuma ya pazia, yeye barazani, na Bi Chausiku akaketi katikati yetu, akaitikia shikamoo yake. Bwana Majaliwa akaeleza kwamba mkaguzi anakuja kesho asubuhi kutoka Dar es Salaam, na orodha yenye mpiga kura marehemu ataiita wizi wa kura.

"Ungekuwa ofisini usingekosea hivi, Bi Khairat," alisema. "Akili yako haipo kazini. Nimekuja kuchukua mashine."

Kusema nimekosea kungekuwa uongo, na kusema nilikusudia kungekuwa kujifukuza kazi mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyemwomba," alisema Bi Chausiku. "Nilitaka kulisikia jina la mwanangu. Mpe mpaka saa kumi, baba."

Bwana Majaliwa alitazama saa yake. Kisha akaiweka orodha mkekani, akasema atangoja palepale barazani, na ikiwa safi, mashine itabaki.

Nikapiga. Mara mbili nilichana karatasi nikaanza upya. Kila Bwana Majaliwa alipokohoa nilidhani anasimama. Nilipomaliza ilibaki kuhakiki, na kuhakiki kwangu ni kusoma kwa sauti. Nikaanza juu, nikateremka, nikafika herufi ya K.

"Kibwana Seleman," nilisema.

Tasbihi ya Bi Chausiku ilisimama. Alijua jina linalofuata, maana jana alilisikia mara mbili.

"Kondo Ramadhan," nikasema.

Alifuta uso kwa pindo la kanga.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Saa kumi hiyo inafika."