Hatua Sitini za Mama

“Nyamaza, Valerian! Ukisema tena ‘pole pole’ nitakuchapa,” mama aliniambia, ameshikilia mgomba, kifua kinapanda na kushuka. Mbele yetu zilibaki hatua kama ishirini za mwinuko, kisha kaburi la baba.

Mimi ni mwongoza watalii, mzaliwa wa Marangu. Miaka kumi na minane nimewapandisha watu Kilimanjaro kwa neno hilo moja. Mwenye haraka mlimani hushushwa kwa machela. Basi mama alipoambiwa mapafu yake yameharibiwa na moshi wa kuni, ugonjwa usiopona, nami nikajifanya daktari. Akitaka maji, nampelekea. Akiinuka, “Pole pole, mama, kaa.” Hata baba alipozikwa pale juu kihambani, kwenye shamba letu la migomba, mwendo wa hatua sitini kutoka nyumbani, nilimkalisha barazani. Alisikiliza mazishi ya mumewe kwa mbali, kama jirani. Mungu anisamehe.

Miaka miwili baadaye hakuweza kufika chooni bila kushikwa. Nikampeleka Moshi mjini kwa mtaalamu wa mazoezi, binti aitwaye Doris.

“Unamtembezaje?” aliniuliza.

“Pole pole, kama wageni wangu.”

“Wageni wako wanatunza nguvu walizonazo, kaka. Mama hana za kutunza, anazitafuta. Miguu yake imelala, na wewe ndiye uliyeilaza.”

Nilimkasirikia kwelikweli. Katoto kadogo vile! Lakini alitupa kipimo: mama akitembea huku anaweza kuimba, huo ni mchezo tu, akishindwa kutoa hata neno, tumezidisha, apumzike. Atoe maneno mawili matatu, aheme, aendelee. Hapo ndipo miguu hupata nguvu.

Tukaanza mlangoni hadi zizini. Wiki ya kwanza alihema mpaka nikageuza uso. Nilitamani kumbeba. Wiki ya tisa, baada ya chai, akachukua kanga yake akasema, “Leo kwa baba yako.”

Ndivyo tulivyofika pale kwenye mgomba. Alipouachia, nilifunga mdomo. Akapanda. Akasimama, akahema, akapanda tena. Sikumshika.

Kaburini aliinama, akachota udongo kwa kiganja, akaumwaga juu ya vigae tulivyoweka bila yeye. Niliona aibu, machozi yakanitoka.

“Sasa…” Akavuta pumzi. “Sasa ndiyo… tumemzika.”