Fundo la Kamba ya Nguo

Nondo wa msimu wa baridi wana mambo yao. Dume ana mbawa, jike hana kitu. Magharibi ikiingia anatoka udongoni na kupanda mti kwa miguu, taratibu, akatage mayai huko juu. Joto likirudi, viwavi wanaanguliwa na kumaliza majani yote. Ndiyo maana shina hupakwa grisi pande zote, jike akifika hapo anase.

Mwaka huu mzee fundi viatu alipaka grisi peke yake. Mkewe, aliyeupanda ule mtufaha wa uani, alizikwa kabla baridi haijaingia, na alipokuwa mgonjwa kitandani alimwomba jambo moja tu: mti wake usiachwe uliwe. Mzee akapaka kwa moyo wote, akajipaka na yeye mpaka kwenye kofia.

Jioni moja binti yake alikuja kumjulia hali. Akasimama chini ya mti, kisha akamwita. Majike walikuwa wanapanda nguzo ya uani, wanashika kamba ya kuanikia nguo na kuvuka nayo hadi mtini, mahali palipo juu kuliko grisi. Walikuwa wanapita zao kama wenye nyumba.

Ndipo mzee alipoelewa. Kila baridi mkewe alikuwa akiifungua kamba ile, naye akimtania kwamba anaogopa itashikwa na mafua. Mama wa watu alicheka tu, wala hakujieleza. Safari hii kamba ilibaki kwa sababu mzee hakutaka kuigusa. Lile fundo la mtini lilikuwa la mkono wa mkewe, la mwisho.

"Nikate, baba?" binti aliuliza. "Mkasi ninao."

"Usikate. Nitalifungua."

Mtu aliyehangaika na kamba za viatu maisha yake yote, fundo moja likamtoa jasho kwenye baridi ile. Vidole vilikuwa vizima. Moyo ndio uliogoma. Lilipoachia, kamba ilibaki imejikunja palepale fundo lilipokuwa, na mzee akalia mbele ya mwanawe bila kujificha. Binti akawakung'uta nondo waliokuwa wamebaki kwenye kamba.

"Joto likirudi utaifunga tena," alimwambia.

"Nitaifunga," mzee alisema. "Lakini litakuwa fundo langu."