Shauri la Mfereji

Eliwaza alikuwa mjane wa Myamba, na maharage yake yalikuwa yakinyauka kwa sababu Filipo, shemeji yake mwenye shamba la juu, alikuwa ameuziba mfereji. Eliwaza akamshitaki. Wakateremka wote wawili mpaka Same, njia moja, bila kusemezana.

Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyeamua kesi za wilaya, aliwasikiliza kidogo, akatazama saa, akamkunjia Filipo uso, akatamka neno moja la Kiingereza. Mkalimani Mbaraka, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na Kiswahili cha pwani, akapaza sauti: "Shauri limeahirishwa hadi tarehe kumi na nne ya mwezi ujao!"

Neno hilo, "limeahirishwa", Eliwaza hakuwahi kulisikia hata kanisani. Angeuliza, lakini Filipo alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyelijua tangu utotoni. Naye akaitikia.

Walipoanza kupanda mlima, Filipo akashindwa kuvumilia. "Shemeji, umesikia uamuzi?"

Eliwaza akaukumbuka ule uso uliokunjwa. "Nimesikia. Umeshindwa. Umepewa mpaka tarehe kumi na nne uwe umefungua maji."

Filipo, mzee wa kanisa aliyejisifia Kiswahili chake kijiji kizima, akameza mate. "Ndivyo nilivyosikia na mimi."

Kesho yake akauzibua mfereji.

Siku ilipofika wakarudi Same. "Nimekuja kukushukuru, bwana," Eliwaza alisema, "kwa kuniahirishia shauri. Filipo amefungua maji."

Mbaraka akacheka mpaka akashika meza. "Kuahirisha ni kusogeza mbele, mama! Hakuna kilichoamuliwa!"

 Filipo akamgeukia Eliwaza, macho yamemtoka. Bwana Shauri akataka kujua: je, mshitakiwa aliyafungua maji kwa kutolielewa neno?

Kwenye benchi la nyuma walikaa watu watatu wa Myamba, masikio wazi.

"Nililielewa sana," Filipo akajibu. "Niliyafungua kwa hiari yangu."

Bwana Shauri akaandika kwamba wamepatana, akamsifu Filipo kwa moyo wake wa huruma, akafunga jalada.

Safari ya kurudi Filipo alitangulia. Walipofika juu ya kilima cha pili akasimama. "Jumatatu na Alhamisi maji ni yangu," alisema bila kugeuka.

Eliwaza akazihesabu siku zilizobaki, akaona zinamtosha.

"Haya, shemeji," akasema.