Zizi Lililong'aa

Urbanus alijua mambo yameharibika pale pua yake ilipokosa samadi ya kunusa. Zizi la Wamboi, kule Theta, lilinukia kama wodi ya hospitali.

"Mama Ciku, hapa umeosha na nini?"

Wamboi akajishika kiuno kwa fahari. "Si wewe uliniambia nisafishe? Nimetumia dawa ya choo, ile inaua vijidudu vyote. Wiki nzima nasugua. Hata ng'ombe wanaogopa kukanyaga!"

"Na maji yalienda wapi?"

"Yataenda wapi tena? Kwa shimo lako."

Shimo lake. Tangi la gesi ya samadi alilolijenga kwa mikono yake, na lililompikia Wamboi mwaka mzima bila moshi. Kilichokuwa kikitengeneza gesi humo ni vijidudu, na sasa vyote vilikuwa marehemu.

Akakumbuka ile simu. Alikuwa Kamakis, akicheza drafti. Tangu apoteze kazi ya kufunga sola kwenye paa za viwanda vya Thika, maisha yalikuwa yamemla kete nyingi, na ni kwenye ubao tu ndipo naye alikula za wengine. Wamboi alipiga akiuliza awatayarishie wageni vipi, naye alikuwa karibu kuingiza kingi. "Safisha kila kitu, Mama Ciku, hata nzi akitua ateleze!" Akakata simu, akashinda. Ushindi huo sasa angempa yeyote bure, na ubao juu.

Kwa sababu wageni wenyewe ndio walioleta pesa za mradi wa matangi, na walikuwa wanakuja leo kuona moto. Wakiupenda, Theta nzima ingejengewa matangi na Urbanus angebaki na kazi. Wasipoupenda, mradi ungefungwa, yeye pamoja nao.

Akaingia jikoni, akafungua koki, akawasha kiberiti. Koki ikapumua kidogo, ikanyamaza.

"Si uongeze samadi," Wamboi akashauri.

"Hata nikitumbukiza ng'ombe mzima, ni wiki nyingi kabla vijidudu vizaliane tena."

"Haiya! Kwani hivyo vitu ndivyo vilikuwa vinanipikia? Na hukusema, Injinia? Mimi nakula chakula cha vijidudu na naombea kabisa!"

Urbanus hakupata hata pa kucheka. Simu yake ikalia. Alikuwa Rachael, mkubwa wake.

"Urba, tumeshaingia Theta. Washa jiko, watukute chai ikichemka."

"Madam, kuna shida kido—"

Ilikuwa imekatwa.

Wageni wakashuka garini pamoja na Rachael. Mzee mmoja wa miwani alilizunguka zizi akitikisa kichwa, akasema hajawahi kuona zizi safi namna hii. Wamboi akamkonyeza Urbanus. Kisha wakajipanga jikoni, kamera tayari.

Urbanus akawasha kiberiti. Kikaungua mpaka vidoleni. Akawasha kingine. Rachael alimtazama kwanza kama anayengoja, halafu kama asiyemfahamu. Urbanus akaeleza habari ya dawa na vijidudu. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama uongo.

"Labda twende tu," mzee wa miwani akasema kwa upole.

"Waende wapi?" Wamboi akang'aka. "Mgeni atoke kwangu bila chai? Watu wa hapa watanisema mpaka kanisani!"

Akaburuta mafiga kutoka nyuma ya nyumba mpaka jikoni, akaleta kuni zilizonyeshewa, akaweka sufuria.

"Injinia, puliza. Mimi magoti yananiuma."

Urbanus akamtazama Rachael. Rachael akatazama dari. Basi akapiga magoti mbele ya watu waliotoka mbali kuona jiko lisilo na moshi, akapuliza. Moshi ukajaa. Wageni wakakohoa; mzee akavua miwani, akafuta machozi.

"Puliza kama mwanamume! Ama kwenu Ukambani hampulizi?" Wamboi akamhimiza.

Akapuliza. Lingine la kufanya hakuliona. Na mwenye kamera, ambaye hakutaka kurudi mikono mitupu, akachuchumaa karibu naye, akapiga picha.