Magimbi ya Marehemu Olinda

Jumapili ile, misa ilipokwisha, Gualter, mchimbaji wa mashimo, alifukua udongo juu ya shimo lenye kibao cha jina la Zulmira, akainua kifuniko cha mbao, akaingiza ndoana zake za chuma na kuitoa sufuria. Mvuke wenye harufu ya kiberiti ulimpiga usoni kama kila siku. Aliipakia kwenye toroli, akafuta mikono kwenye suruali, kisha akainama kukitazama kitambaa kilichofungia sufuria.

"Shangazi, fundo hili umefunga wewe?"

"Kwani nina mtumishi?"

"Limefungwa kwa mkono wa kushoto."

Zulmira, ambaye vijana wote humwita shangazi, akainama naye. Hapa Furnas, ambako chakula huivishwa kwa joto la ardhi kando ya ziwa, kila nyumba ina fundo lake, na wachimbaji wa mashimo ya ziwani huyajua mafundo kuliko wanavyozijua sura za wenyewe. Fundo lile lilikuwa la Bi Olinda, mama yake Zulmira, mwanamke wa mkono wa kushoto, tuliyemzika majira ya mavuno ya zabibu.

"Basi atakuwa mama," alisema Zulmira.

"Atakuwa yeye," alisema Gualter, akaenda zake kufukua shimo lingine.

Kufungua sufuria pale ziwani ni utovu wa adabu, hivyo Zulmira aliisukuma hadi nyumbani, akaifungulia mezani. Alfajiri alikuwa ametia kipande cha nyama ya ng'ombe, paja la kuku, kabichi, viazi, na karoti tele, maana anapenda karoti mno. Maji hatutii, ardhi yetu ina mvuke wa kutosha. Magimbi hakuwa nayo. Sasa juu ya kabichi yalikaa magimbi mawili makubwa, na chini yake nyama ilikuwa ya kutosha watu wawili. Palikuwa na jani la nanaa, na soseji nene ya damu, kitu ambacho Zulmira hajapata kukitia mdomoni tangu azaliwe. Karoti hazikuwamo hata moja. Akadhani zimeyeyuka.

Alimenya gimbi moja, akalionja, akaanza kulia huku anatafuna. Lilikuwa la mfereji wao wenyewe. Mtu aliyelelewa kwa magimbi ya maji yale hawezi kudanganywa na mengine. Soseji na nyama iliyobaki alimpelekea jirani yake, Natividade.

Mfereji wenyewe unashuka mlimani na maji ya moto yenye kutu, na magimbi husimama humo mwaka mzima na zaidi yakinywa joto. Zulmira ndiye aliyeupalilia tangu usichana, akisimama majini hadi nyayo zake zikawa rangi ya tofali. Kaka yake, Firmino, alikwenda Kanada akiwa kijana, akarudi mama alipozidiwa, na sanduku moja, bila mke. Bi Olinda alikuwa haoni tena. Firmino alimshika mkono, mama akatia sahihi kwenye hati, na mfereji ukawa wa Firmino. Baada ya mazishi akauzungushia waya, akatia kufuli, akaanza mazungumzo na hoteli moja iliyotaka bwawa la maji ya moto kwa wageni wake.

"Mama alinipa kwa hiari yake," alisema Firmino kila alipoulizwa.

Zulmira alisema mama alidhani anatia sahihi ya dawa. Lakini hakuwa na hakika, na hilo ndilo lililomtafuna. Mfereji aliutaka, ndiyo, nani asingeutaka? Ila zaidi ya mfereji alitaka kujua mama alimaanisha nini. Miaka yote ile ya kumwogesha, kumgeuza kitandani na kumlisha uji, kisha mama ampe mfereji mtoto aliyekuwa akituma kadi za Krismasi? Haiingii akilini, jamani. Haikumwingia.

Sasa mama alikuwa ameanza kuzungumza kwa magimbi, na Zulmira akaona nuru.

Jumapili iliyofuata yakaja tena, na iliyofuata tena. Kila mara chakula cha watu wawili, soseji juu, karoti hakuna, fundo la kushoto. Kule mferejini majani yalisimama mapana na mabichi, lakini Firmino alipovuta shina moja, lilitoka bila kitu chini, safi kama limeoshwa. Akavuta la pili. Akaja ziwani na shina mkononi, mbele ya watu wote.

"Zulmira! Unaingiaje kwangu na kufuli ninalo mimi?"

"Kwako? Hebu rudia nisikie vizuri."

"Magimbi yangu unayala wewe!"

"Ninaletewa. Mwulize anayeleta."

"Sufuria naifukia na kuitoa mimi, hakuna mwingine anayeigusa," alisema Gualter, "na fundo ni la marehemu. Mzee Firmino, usimsingizie dada yako."

Firmino alilitazama fundo. Akaligusa. Alilijua vizuri, ndilo lililofunga viatu vyake vya shule.

"Mbona hakuniambia?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hasira.

Hapo ndipo kila mtu alipoleta tafsiri yake, na kijiji kikavurugika. Natividade, aliyekuwa akinenepa kwa soseji za kila Jumapili, alisema mambo yako wazi: mama amegutuka kaburini, ameona kosa lake, anamrudishia mwanawe haki kidogo kidogo. Mwenye duka la mikate alisema la, mama anamwambia Zulmira aridhike na chakula, aachane na ardhi. Padri alisema marehemu huomba sala, hawapiki, akakaribishwa, akala sahani nzima, akasema atalifikiria. Zulmira alimwendea hata wakili wa mjini. Wakili alimsikiliza kwa heshima, akasema gimbi haliwezi kuitwa shahidi.

"Basi na mimi nitafukia yangu," alisema Firmino. "Kama mama ana neno, atanitilia mimi."

Alinunua sufuria mpya. Kupika hajui, wala hakuwahi kujua. Alitupia humo nyama, kabichi na magimbi machache aliyoyapata kwingine, akafunga kitambaa kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Gualter akaifukia kwenye shimo kali kuliko yote. Mchana ilitoka ya baridi. Firmino, kwa haraka zake, aliifungua palepale, na hakuna aliyemlaumu. Nyama ilikuwa mbichi, kabichi bado ina umande.

"La kuvunda halina ubani," alisema Natividade. "Nenda ukamrudishie dada yako mfereji wake."

Zulmira alisimama kando, mikono kifuani, akilia na kucheka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa na hakika. Mama alimchagua yeye. Aliwaambia wote waliokuwapo, akamwambia na Gualter mara mbili, na njia nzima aliisukuma toroli huku akizungumza na sufuria.

Firmino hakurudisha kitu. Alirudi nyumbani kwake na kabichi yake mbichi, na tukamwona akizidi kukonda. Tangu mama afe alikuwa akiishi kwa mkate na sadini za kopo. Suruali ilimning'inia, mashavu yakabonyea. Jumapili ya mwisho ya Kwaresima alibisha mlango kwa Zulmira, adhuhuri, kofia mkononi.

"Dada, nina njaa."

Zulmira alikuwa ndiyo kwanza anafungua sufuria. Hakumfukuza, mtu hafukuzwi mezani, hata awe nani. Na tena alitaka aone kwa macho yake chakula cha mama kilivyompendelea binti. Akamwekea sahani.

Firmino alichungulia ndani ya sufuria, na uso wake ukalegea.

"Ah, soseji ya damu," alisema. "Na nanaa. Na karoti kaziondoa." Akavuta kiti. "Mama hajasahau. Tangu mdogo nikiona karoti natapika. Alikuwa akizichambua moja moja, unakumbuka?"

Zulmira alikumbuka. Alikuwa ameshika upawa juu ya sufuria, na alibaki ameushika hivyo. Watu wawili. Soseji asiyoila yeye. Akahesabu Jumapili zote alizompelekea Natividade kile ambacho si chake kugawa.

"Kumbe ni chako," alisema.

"Nini?"

"Chakula. Anakupikia wewe. Mimi ananipa nikupakulie."

Firmino alitafakari huku akitafuna, mtu mwenye haki kwa jinsi yake. "Inaelekea," alisema. "Yangu asingeipika, anajua sijui kufunga kitambaa."

"Na mfereji?"

"Alinipa kwa hiari yake, Zulmira. Nilikwambia." Hakusema kwa ubaya. "Hoteli wanaanza kuchimba baada ya Pasaka. Limebaki gimbi?"

Lilikuwa limebaki. Akampa. Tangu siku ile Firmino huja kila Jumapili, na mashavu yamemrudi. Bwawa limekwisha, lina vigae vya buluu, na wageni hukaa humo hadi shingoni na kofia zao za plastiki. Magimbi bado yanakuja, ingawa hakuna anayejua yanaota wapi siku hizi, na hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Ila Jumapili moja, Gualter alipokuwa ameishusha sufuria na kushika kifuniko cha mbao, Zulmira alimzuia. Alipiga magoti kwenye udongo wa moto, akauingiza uso wake kwenye mvuke.

"Mama," alisema, "na mimi je?"

Shimo liliendelea kutokota. Alingoja hadi nywele zikamlowa na macho yakamwasha. Gualter aliegemea beleshi lake, akatazama ziwani kwa adabu, kisha akakohoa.

"Shangazi, mvuke unatoka bure. Nyama haitaiva."

Zulmira akasogea, akamwacha afunike.